Jina la kati la mwanao lilikuwepo kabla hajazaliwa

Wazazi vijana wa huku Nyanda za Juu Kusini siku hizi wanaulizana swali moja kwa bidii ambayo wazazi wao hawakuwa nayo: mtoto wa kiume ameshapata jina la kwanza, sasa la kati lipi litakaa nalo vizuri? Wanaulizana kwenye makundi ya WhatsApp ya kina mama wajawazito, kwenye saluni za Mwanjelwa, kwenye mabenchi ya kliniki Mafinga na Makambako, na majibu yanakuja yakiwa yamekwisha kupangwa kwa jozi: Jayden Ethan, Liam Noah, Bryson Kelvin. Wazee wakisikia wanalalamikia uzungu. Vijana wanajibu kwamba mtoto ni wao. Mjadala umekwama hapo, na naona pande zote mbili zinagombania jambo ambalo silo. Hoja yangu ni kwamba kwa mtoto wa kiume anayezaliwa Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe, jina la kati halitafutwi. Lipo tayari, analo baba yake. Kinachotafutwa ni jina la kwanza, na hilo la kwanza ndilo linalopaswa kuchaguliwa likae vizuri na la kati. Tunaifanya kazi hii kinyumenyume. Tena kwa mtoto wa kiume ina uzito wa ziada, maana jina la kwanza unalompa leo ndilo litakalokuwa jina la kati la wajukuu wako.

Wengi wanadhani mpangilio wa majina matatu tumeletewa na fomu za serikali. Historia ya Uhehe inaonyesha vingine. Mtawala ambaye jeshi lake liliwapiga Wajerumani pale Lugalo mwezi Agosti 1891 tunamwita Mkwawa kwa kifupi, lakini majina yake kamili huandikwa Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga: la kwake, la baba yake Munyigumba, na la ukoo wa Muyinga. Mjukuu wake, aliyekabidhiwa fuvu la babu yake Kalenga mwaka 1954 na baadaye akawa Spika wa Bunge kuanzia 1962 hadi 1994, akipisha miaka michache tu katikati, aliitwa Adam Sapi Mkwawa. Adam ni yeye, Sapi ni baba yake, Mkwawa ni babu yake. Aliyeyasikia majina hayo matatu yakitajwa bungeni alikuwa ameshatajiwa vizazi vitatu vya Iringa, kuanzia vita vya Wajerumani hadi uhuru. Wala hili si la machifu peke yao. Kumbukumbu za zamani za mahakama za mwanzo na za kodi zimejaa fulani bin fulani, kwa sababu swali la kwanza aliloulizwa mtu asiyejulikana lilikuwa hilohilo: wewe ni wa nani?

Ukiangalia familia za leo utakuta namna mbili zinazofanana kwa nje, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Kwa familia nyingi jina la tatu ni la ukoo lililokwisha kutulia: Sanga na Mbilinyi kwa Wakinga, Kikoti kwa Wahehe, na ule msururu wa majina ya Rungwe na Kyela yanayoanza na Mwa-. Jina hilo halibadiliki, baba analo, mtoto analo, mjukuu atakuwa nalo. Kwa familia nyingine jina la tatu ni la babu, nalo husogea: mtoto akikua akazaa, jina lake linakaa katikati ya majina ya watoto wake, la baba yake linahamia mwisho, na la babu linatoka. Namna zote mbili zinakubaliana kwenye jambo moja, kwamba katikati anakaa baba. Sasa weka jina la urembo pale katikati uone kinachotokea. Katika familia ya kwanza anayefutika ni baba mwenyewe. Mtoto anabaki Jayden Ethan Sanga, na Makete nzima imejaa kina Sanga. Anayetaka kujua huyu ni wa nyumba ipi hana pa kushika. Katika familia ya pili mambo yanaharibika zaidi, ingawa ni taratibu na bila mtu kuona. Kaka mkubwa aliandikishwa kwa utaratibu wa zamani, jina lake, la baba, la babu. Mdogo wake anaandikishwa kwa mtindo mpya, majina mawili ya kwake na la baba mwisho. Watoto wa baba mmoja na mama mmoja wanakuwa na majina ya mwisho tofauti kwenye vyeti. Siku baba akifariki na mirathi ikafunguliwa mahakama ya mwanzo, mmoja wao ndiye atakayetakiwa kuleta mashahidi na hati ya kiapo kuthibitisha kwamba na yeye ni wa nyumba hiyo.

Swali la jina la kati linaloendana na la kwanza lina kwao, na huko kwao lina maana. Marekani na Uingereza jina la baba, kama wanavyolielewa wao, limeshawekwa mwisho kama jina la familia, kwa hiyo nafasi ya katikati imebaki wazi na mzazi anaweza kuijaza apendavyo. Hata hivyo, huko nako wengi wameitumia nafasi hiyo kuwakumbuka watu wao. Harry S. Truman, aliyekuwa Rais wa Marekani kuanzia 1945 hadi 1953, alikuwa na herufi S katikati ambayo haikusimama badala ya neno lolote. Wazazi wake waliiweka kuwaridhisha babu zake wawili, Anderson Shipp Truman wa upande wa baba na Solomon Young wa upande wa mama. Barack Obama anabeba Hussein katikati, jina la baba yake na la babu yake wa Kogelo, Kenya. Warusi nao hawachagui kabisa: jina la kati la Mrusi hutengenezwa kutokana na jina la baba yake, na kumwita mtu mzima kwa jina lake na la baba yake ndiyo heshima. Waethiopia huandika jina la mtu, la baba, la babu, sawasawa na familia nyingi za hapa kwetu. Kwa hiyo kijana wa Tukuyu anayechukua orodha ya majina ya kati iliyoandikwa kwa ajili ya mzazi wa Ohio anachukua jibu la swali ambalo yeye hakuulizwa. Mzazi wa Ohio ana nafasi tupu mbele yake. Kijana wa Tukuyu nafasi yake ina mtu.

Atakayenipinga kwa mfano wa Mwalimu Nyerere ana haki ya kusikilizwa, kwa sababu mfano huo unatajwa sana. Kambarage lilikuwa jina lake mwenyewe la utotoni, siyo la baba yake, na limekaa katikati. Ni kweli. Lakini tazama lilifikaje hapo. Alizaliwa akaitwa Kambarage, mtoto wa Nyerere. Alipobatizwa mwaka 1943 akiwa kijana mkubwa, Julius likaongezwa mbele. Jina jipya halikumsukuma baba kutoka mahali pake; Nyerere lilibaki palepale lilipokuwa, na vizazi vilivyofuata vikalichukua. Kilichoongezwa kilikaa mbele, upande ambao ni wa mtoto mwenyewe. Mwenye hamu ya kumpa mwanawe majina mawili ya kwake anaweza kufuata njia hiyohiyo, akayaweka yote mawili mbele na kumwacha baba katikati na ukoo mwisho. Yatakuwa majina manne. Ni marefu, na fomu nyingi zitalalamika, ila hakuna aliyetolewa nje ya mlango.

Kwa nini jambo hili limekuwa zito sasa, wakati miaka ishirini iliyopita mtoto angeweza kuitwa lolote nyumbani na dunia ikaendelea? Kwa sababu zamani jina la mtoto lilikuwa na muda wa kutulia. Watoto wengi wa vijijini hawakuwa na cheti cha kuzaliwa; jina lililoandikwa darasa la kwanza ndilo lililoanza kuwa rasmi, na kufikia hapo ukoo mzima ulikuwa umeshasema neno lake. Mwaka 2013 Mbeya, ikiwa bado haijagawanywa kupata Songwe, ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kabisa ambako RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ilianza mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, cheti kikitolewa bure papo hapo na taarifa zikitumwa kwa simu ya mkononi. Iringa na Njombe zikafuata miaka michache baadaye. Ni mpango mzuri sana, umewapa watoto wetu utambulisho ambao sisi tuliutafuta kwa nauli na kwa siku nyingi za kuhangaika mkoani. Lakini umefupisha ule muda wa kufikiri. Jina ambalo zamani lingekaa nyumbani kwanza, likasikilizwa, likapingwa na shangazi, likarekebishwa na babu, leo linaandikwa kwenye karatasi ya serikali mama akiwa bado na kitambaa kichwani cha wodini.

Nimewahi kukaa kwenye ofisi moja ya kata nikisubiri shida yangu nyingine, na mbele yangu walikuwepo baba na mama wenye mtoto mchanga mgongoni, amefunikwa kitenge hadi utosini kwa ile baridi ya Juni. Mwandikishaji anauliza, baba anasoma kutoka kwenye simu, herufi moja moja, kwa sababu jina hakulizoea hata yeye. Jina la kati likaandikwa Ithani. Baba akasema hapana, ni E, halafu kuna h. Karatasi ikakatwa, ikaanzwa nyingine. Walipofika kwenye sehemu ya taarifa za wazazi akaulizwa jina lake yeye, akalitaja mara moja bila kusoma popote, na mwandikishaji akaliandika mara moja bila kuuliza herufi: Asajile. Jina ambalo lisingemsumbua mtu yeyote katika kata ile lilikuwa pale pale mezani, likaandikwa chini kwenye sehemu ya wazazi, na kwa mtoto halikuonekana.

Wapo watakaosema hapo hapo ndipo hoja yangu inapoishia: jina la baba limo kwenye cheti, kwenye sehemu yake, kwa nini lirudiwe kwenye majina ya mtoto? Hili ni pingamizi la maana. Jibu ni kwamba cheti kinakaa kabatini. Kinachotembea duniani ni majina matatu. Daftari la mahudhurio halina sehemu ya wazazi anayosoma mwalimu kila asubuhi. Cheti cha kidato cha nne cha Baraza la Mitihani hakina jina la baba isipokuwa kama limo ndani ya jina la mtoto. Ukituma pesa kwa simu, yanayotokea kwenye kioo ili uthibitishe ni majina ya mwenye namba, siyo ya wazazi wake. Na mtoto huyo akifika miaka kumi na minane akaomba mkopo wa elimu ya juu, cheti chake cha kuzaliwa kitahakikiwa na RITA na majina yatatakiwa yafanane na ya vyeti vya shule. Hapo ndipo familia nyingi zinapokimbilia kwa wakili kutafuta hati ya kiapo, kwa sababu cheti kinasema Jayden Ethan, na shuleni, ambako mwalimu aliuliza kama kawaida jina lako na la baba yako, aliandikwa Jayden Asajile.

Wazee wanaotetea majina ya kienyeji sitawaunga mkono moja kwa moja, ingawa wengine watanihesabu upande wao. Wanasema jina la kigeni likipigwa marufuku tatizo limekwisha. Lakini Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na tangu hapo majina ya ubatizo yameingia ndani ya koo zetu hadi yamekuwa yetu. Leo babu wa Kyela anaweza kuitwa Jackson, na mjukuu wake akibeba Jackson katikati amembeba babu wa Kinyakyusa, hakubeba Mzungu. Upande mwingine, hata kabla ya wamisionari hakuna aliyeishi na jina moja tu. Watafiti waliokaa Rungwe miaka ya 1930 waliandika kwa kirefu heshima ya mke wa Kinyakyusa kwa baba mkwe wake: asikutane naye uso kwa uso, asitamke jina lake, hata maneno yaliyofanana na jina hilo ayakwepe. Mjukuu aliyepewa jina la babu huyo mama yake angemwitaje? Alilazimika kuwa na jina jingine la kumwitia kisimani na shambani, huku lile la babu likibaki kwa wanaoruhusiwa kulitaja. Ndiyo maana naona haja ya jina la kuitia na jina la kuunganisha ni ya siku nyingi huku kwetu, na kila moja lilikuwa na kazi yake. Mama kijana anayetaka jina tamu la kumwita mwanawe hafanyi jambo geni hata kidogo. Anachokosea ni kuliweka jina hilo tamu mahali pa lile la kuunganisha.

Kuhusu mama mwenyewe, hapa ndipo penye hoja nzito kuliko zote za upande wa pili, na wanaume tunaoandika mambo ya ukoo huwa tunaipita haraka. Mama amebeba mimba miezi tisa, mara nyingi ndiye aliyempeleka mtoto kliniki peke yake, ndiye aliyesimama kwenye foleni ya cheti, halafu majina matatu ya mtoto yote ni ya upande wa mume. Nafasi ya katikati ndiyo pekee aliyoiona wazi, na akiweka pale jina alilolipenda yeye, anajipatia sehemu ndani ya mtoto wake. Sioni namna ya kuipuuza hoja hii. Ila naamini nafasi yake ya haki ni ya mbele. Jina la kwanza ndilo linaloitwa mara nyingi zaidi, ndilo litakaloandikwa kwenye daftari la kwanza na kwenye kaburi, na ndilo litakalorithiwa na wajukuu. Mama apewe hilo. Kama anataka kumwinua baba yake mzazi, mtoto na aitwe jina la babu yake mzaa mama, kisha la baba, kisha la ukoo. Mtoto kama huyo, tuseme Elia Gwamaka, Elia akiwa babu wa upande wa mama na Gwamaka baba yake, anakuwa na pande zote mbili kwenye majina mawili ya mwanzo. Familia zinazomnyima mama jina la kwanza na la kati kwa pamoja zisishangae akitafuta pa kupenyea.

Hoja dhaifu kuliko zote ninayoisikia, na Mbeya inasikika sana kwa sababu mji wetu umejaa makanisa, ni kwamba jina la baba au la babu likikaa ndani ya jina la mtoto linamhamishia mikosi ya ukoo, kwa hiyo ni busara kulikata na kuanza upya. Wanaosema hivi hutaja majina kama Shida, Tabu na Masumbuko. Nakubali kwamba kumwita mtoto Shida kwa sababu alizaliwa mwaka wa njaa ni kumtwika jambo lisilo lake, na mzazi anayeepuka jina la namna hiyo kwa mwanawe amefanya vyema. Lakini jina hilo likiwa la baba, ni historia ya nyumba, limeshabebwa na mtu aliyekua, akalima, akasomesha, na ndiye huyo anayemshika mtoto mkono. Tena angalia majina ya wababa wa huku yalivyo. Kinyakyusa kimejaza Rungwe na Busokelo majina ya shukrani: Lusajo ni baraka, Lusekelo ni furaha, Lwitiko ni imani, Ipyana ni neema, Asajile ni kusema Mungu amebariki. Mchungaji anayemwambia muumini wake akate jina la Lusajo kwa mwanawe aweke Ethan ili kuleta baraka amemwondolea baraka iliyokuwa imeandikwa wazi. Na Biblia yenyewe wanayoisoma imejaa fulani mwana wa fulani, kurasa kwa kurasa, hadi Injili ya Mathayo inaanza kwa orodha ya ukoo.

Kuna jambo jingine linalofanya suala hili liwe zito huku kuliko pengine, na nalitaja kwa heshima. Njombe na Iringa ndiyo mikoa iliyotoka juu kabisa kwa kiwango cha maambukizi katika tafiti za taifa za VVU za mwaka 2016/17 na 2022/23, na Mbeya haiko mbali. Kabla dawa hazijaenea, ugonjwa ule ulichukua wazazi wengi wakiwa vijana, na kizazi kizima kilikuzwa na mabibi na mababu, Makete hasa. Vijana waliokulia hivyo sasa ndio wanaozaa. Wapo wengi ambao hawana picha ya baba, hawana sauti yake, hawana shamba lake, na kitu pekee cha baba walichonacho ni lile neno la katikati kwenye cheti cha shule. Waulize hao kama jina la kati ni urembo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya jina, ya uraia, na ya kuwajua wazazi wake na ukoo wake, na imeziweka haki hizo pamoja katika kifungu kimoja. Kwa mtoto aliyefiwa mapema, jina mara nyingi ndiyo njia ya kwanza ya kuifikia hiyo haki nyingine.

Basi kazi ya kuchagua jina la kwanza linalokaa vizuri na la baba ifanyweje? Ni kazi ya sikio. Taja majina yote matatu kwa sauti, kama mwalimu wa zamu anavyoita mstarini, usiyasome kimya kwenye simu. Majina yetu ya ukoo ni marefu. Mtoto wa nyumba yenye jina la ukoo la silabi tano na baba anayeitwa Andongolile atahitaji jina la kwanza fupi, Elia, Yona, Tito, Baraka, asije akaishiwa pumzi anapojitambulisha. Epuka kuanza kwa silabi moja na la baba, kwa kuwa Lusekelo Lusajo na Lugano Lusekelo huchanganywa na kila karani. Jina la baba likiwa la Kinyakyusa au Kibena, jina la ubatizo mbele linakaa nalo vizuri, na ndivyo familia nyingi za huku zilivyozoea. Likiwa la ubatizo, mbele pakae la kwetu: Ipyana Harrison, Gwakisa Daniel. Kinyakyusa hakitumii sauti ya r, na wazee wetu wengi wanaibadilisha kuwa l bila kukusudia, kwa hiyo jina lililojaa r litaandikwa kwa namna tatu kwenye karatasi tatu. Jayden, Brayden na wenzao wana taabu hiyohiyo ya herufi. Sisemi yasitumike. Nasema anayeyatumia ayaweke mbele, ayaandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa kabla hajafika ofisini, na ajue kwamba siku moja Brayden litakuwa jina la kati la mjukuu wake, litakalotamkwa kwenye harusi na kwenye msiba. Kama linamridhisha kwa kazi hiyo, basi na liwe.

Jaribio hilo la mjukuu, la kujiuliza jina hili litakaaje katikati ya majina yake, ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu linamtoa mzazi kwenye mtindo wa mwaka huu. Tulia Ackson Mwansasu, mzaliwa wa Rungwe aliyechaguliwa kuwa Spika wa Bunge mwaka 2022 na Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani mwaka uliofuata, umma unamjua kwa majina mawili ya mwanzo, na wengi hata la tatu hawalijui. Jina la kati linaweza kumbeba mtu mbele ya dunia nzima. Mzazi wa mtoto wa kiume ndiye anayeliandika leo, akidhani anaandika jina la kwanza tu.

Wapo watoto ambao baba yao hajakiri, au hajulikani, na hawa hawapaswi kuachwa nje ya hoja hii. Desturi ya nyumba nyingi za huku ni kwamba babu mzaa mama ndiye anayempa jina lake, na mtoto anasimama kwenye ukoo wa mama bila doa. Hiyo ni desturi ya utu, na ni bora mara nyingi kuliko jina la kuokota linaloziba pengo, kwa sababu babu huyo ndiye atakayemlipia sare na ndiye atakayekuja shuleni akiitwa. Anayestahili nafasi ya katikati ni aliyesimama mahali pa baba.

Serikali imekuwa ikiizungumzia Jamii Namba, namba moja ya utambulisho ambayo mtu ataanza kuwa nayo tangu kuzaliwa. Ikifika, jina la siku ya kwanza ndilo litakaloingia kwenye mifumo yote, na ule upenyo wa kurekebishiwa shuleni utafungwa kabisa. Kwa hiyo mazungumzo haya hayawezi kusubiri ofisi ya kata. Mahali pake ni kliniki ya wajawazito, hudhurio la kwanza, ambako tayari wanaume wanahimizwa kufika pamoja na wake zao kwa ajili ya vipimo. Muuguzi anayewapima wote wawili na kuwauliza wamejiandaaje na usafiri na vifaa vya kujifungulia, awaulize na majina: la mtoto mtaamua ninyi, la baba lipi, babu zake wa pande zote mbili wanaitwa nani, na yanaandikwaje. Waende nalo nyumbani wakiwa na miezi mitano au sita ya kulitafakari, shangazi apate nafasi ya kupinga, na bibi alitamke aone kama ulimi wake unalimudu.